Nani Aliweka? Viambishi Viwili na Udongo wa Fizi

Katika somo la mofolojia tunajifunza viambishi vya unyambuaji kama vifaa vilivyopangwa kabatini. Kiambishi -w- ni cha kutendwa, -ik- ni cha kutendeka, -an- ni cha kutendana, -ish- ni cha kutendesha. Tunajaza jedwali, tunapata alama, tunakwenda zetu. Nataka kueleza jinsi tofauti kati ya viwili kati ya hivyo, -w- na -ik-, ilivyogeuka kuwa suala la maji ya kunywa na la mikono ya mama yangu mzazi, na kwa nini naamini kwamba sisi wa lugha tuna kazi milimani ambayo wanajiolojia peke yao hawataimaliza.

Kwanza kwetu. Fizi ni wilaya ya kusini kabisa mwa Kivu Kusini. Inaanzia ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, ikapanda kuelekea milima ya Itombwe, ambayo vilele vyake hupita mita 3,000. Baraka ni mji wa ziwani, wenye mitumbwi, dagaa na soko. Fizi yenyewe, makao ya wilaya, iko juu vilimani. Ukiendelea kusini-magharibi unafika Misisi, mji uliozaliwa na dhahabu. Wengi wetu ni Wabembe, na lugha yetu ni Ebembe, ile ambayo wasomaji wa orodha ya Guthrie wataikuta chini ya D54. Mimi nilizaliwa Nyarugusu, upande wa Kigoma, katika kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliovuka ziwa wakikimbia vita. Ndiyo maana Kiswahili changu kina shule ya Tanzania na jiko la Kongo.

Likizo iliyopita nilipata kibarua cha ukalimani Baraka, siku mbili. Kundi la wataalamu wa udongo lilikuwa limekuja kuzungumza na wajumbe wa vijiji kabla ya kuanza kuchukua sampuli za visima na mashamba. Wao walisema Kifaransa. Mimi nilitia Kiswahili, na Ebembe kwa wazee waliotaka. Hawakuja na majibu. Walikuja kueleza jambo moja tu: kwa nini wanataka kupima hata visima vilivyo mbali na machimbo, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kuchimba chochote. Sababu yao ilikuwa kwamba udongo wa milimani unaweza kuwa na metali nyingi kuliko mwamba uliouzaa, bila mkono wa mtu kugusa.

Walikuwa wamekuja pia na karatasi iliyochapwa kwa Kiswahili, iliyotafsiriwa mahali pengine na mtu mwingine. Sentensi yake ya tatu ilisema kwamba metali zenye sumu "zimelimbikizwa katika udongo wa vijiji vyenu". Kijana mmoja aliisoma kwa sauti. Mzee aliyekaa mbele akanyanyua fimbo kidogo, akauliza: "Zimelimbikizwa na nani?"

Ukumbi ulichangamka. Mwingine akauliza ni kampuni gani. Mwingine akauliza ni mwaka gani, na kama ilikuwa usiku. Wataalamu walitazamana. Katika Kifaransa chao walikuwa wamesema "se sont concentrés", kitenzi kisichomtaja mtu yeyote, na hawakuelewa kwa nini watu wanatafuta mtu.

Sisi wa isimu tunaelewa. Katika -limbikizwa mna -iz-, kisababishi, kinachodai msababishaji, na mna -w-, kinachomficha msababishaji huyo nyuma ya pazia. Msikilizaji wa Kiswahili akisikia kitenzi cha namna hiyo ana haki ya kuuliza "na nani?", kwa sababu sarufi yenyewe imemwahidi kwamba yuko mtu. Mzee hakuwa mbishi wala hakukosa elimu. Alikuwa anasoma mofolojia ya sentensi vizuri kuliko aliyeitunga. Tena ukumbuke ni watu gani hao. Mtu aliyekimbia kwake zaidi ya mara moja, akarudi akakuta shamba lina mwenye karatasi mpya, hawezi kusikia kitenzi cha kutendwa akatulia.

Kwa hiyo ilibidi tuanze upya, na kuanza upya kulitaka kwanza nielewe mimi mwenyewe kinachotokea ndani ya mlima. Jioni ile nilikaa na mmoja wa wataalamu, mama wa makamo aliyezoea kuchora ardhini kwa kijiti, akanieleza hatua kwa hatua. Nitayasema kama nilivyoyapokea.

Maji ya mvua hubeba hewa ya ukaa, na yakipita kwenye udongo wenye mizizi na majani yanayooza huchukua nyingine zaidi, hata yanakuwa na uchachu kidogo. Uchachu huo, kwa miaka maelfu, hulainisha mwamba. Baadhi ya vitu vilivyomo huyeyuka upesi na kwenda na maji: kalisi, sodiamu, magnesi, potasiamu, na polepole hata silika. Vingine havitaki kuondoka. Chuma hushikana na oksijeni kikawa kutu. Aluminiamu hubaki katika udongo wa mfinyanzi. Wekundu wa barabara zetu, ule unaopaka miguu ya watoto wa shule, ni kutu ya mlima uliokwisha kupoteza karibu kila kitu kingine.

Sasa ndani ya mwamba mna pia metali za kiasi kidogo mno: kromiamu, nikeli, risasi, aseniki, na nyingine. Kwa wastani ganda la dunia lina kama gramu 2 za aseniki kwa tani, na dhahabu miligramu chache tu kwa tani. Baadhi ya metali hizi hazitembei na maji, au zikitembea kidogo hunaswa na kutu na mfinyanzi njiani. Fanya hesabu. Chukua kilo 100 za mwamba zenye gramu 1 ya metali isiyotaka kuondoka. Mvua ikiiba kilo 60, zinabaki kilo 40, na gramu ile ile 1. Mwanzo ilikuwa sehemu 1 kwa 100,000. Sasa ni sehemu 1 kwa 40,000. Imepanda mara mbili na nusu. Hakuna aliyeongeza chochote. Kilichobadilika ni kile kilichoondoka.

Kifaransa huziita metali hizi kwa neno la nyayo, alama ya kitu kilichopita. Nilipotafuta neno la Kiswahili nilikumbuka haba, na tangu siku ile naziita metali haba. Lakini tazama: tumezoea kusema haba na haba hujaza kibaba. Mlima unafanya kinyume. Kibaba kinapungua, haba inabaki pale pale, na mwisho kibaba chote kinaonja haba.

Basi neno la kutafsiria "se concentrer" lilikuwa jikoni muda wote. Ni kukolea. Chumvi imekolea. Rangi imekolea. Mchuzi ulioachwa motoni hukolea chumvi ingawa mpishi hajatia punje nyingine, kwa sababu maji yamekwenda na mvuke. Kitenzi hiki hakina -w- wala kisababishi. Hakimtaji mtu, na hakimfichi mtu.

Asubuhi ya pili niliomba ruhusa nianze mimi. Nikawauliza akina mama: ukisahau sufuria ya samaki motoni, maji yakapungua nusu, chumvi inakuwaje? Wakajibu kwa pamoja: inakolea. Nani kaiongeza? Wakacheka. Nikasema: mlima ni sufuria hiyo, ila moto wake ni mvua, na upishi wake ni wa miaka maelfu. Mzee wa fimbo alinyamaza kidogo, kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. Akasema: "Ni kama muhogo mchungu."

Alikuwa amefika mbele yangu. Muhogo mchungu una sumu, kila mtu wa Fizi anajua, na hakuna anayeuliza nani kaiweka. Tunauloweka, tunauanika, tunautwanga, tunakula. Sumu isiyo na mwekaji si wazo geni kwetu; tulikuwa tunasubiri lugha ya kuliita. Mtaalamu aliponisikia nikitafsiri muhogo alifurahi, lakini akaongeza onyo ambalo nililitia kwa uangalifu: aseniki haifanani na muhogo kwa jambo moja. Haiondoki kwa kuloweka wala kwa kuchemsha. Ukichemsha maji yenye aseniki, unaua vijidudu, ila mvuke ukitoka aseniki inazidi kukolea. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa mikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa, kiasi ambacho hakiwezi kujulikana bila vipimo. Hapo watu wakaelewa kwa nini chupa zao za maji zitasafiri.

Kuna neno jingine lililonisaidia, na hili nililipata kwa wachimbaji. Kwenye shimo wanatofautisha jiwe zima la chini, linalohitaji nyundo, na jiwe la juu ambalo lina mistari yote ya jiwe lakini ukilibana mkononi linamung'unyika. Hilo wanasema limeoza. Nilipolitafsiri, mtaalamu alisimama. Neno la kitaalamu la tabaka hilo, saprolaiti, limeundwa mwishoni mwa karne ya 19 kutokana na maneno mawili ya Kigiriki: sapros, kilichooza, na lithos, jiwe. Wachimbaji wa Misisi na wasomi wenye Kigiriki chao wamefika kwenye sitiari ile ile kwa njia mbili.

Nilipoendelea kusoma niliona kwamba istilahi za fani hii nyingi ni za watu wa kawaida waliovishwa koti. Laterite ililetwa mwaka 1807 na Francis Buchanan, Mskoti aliyeona wenyeji wa kusini-magharibi mwa India wakikata udongo mwekundu kwa umbo la tofali; later kwa Kilatini ni tofali. Kaolini, mfinyanzi mweupe, ni jina la Gaoling, kilima cha Uchina kilichochimbwa udongo wa vyombo. Kwa hiyo mtu akisema Kiswahili au Ebembe hazina uwezo wa kusema sayansi ya udongo, naomba anieleze kwanza tofali la Kilatini lina sayansi gani ambayo jiwe lililooza la Misisi halina. Neno mmomonyoko tumelizoea shuleni, lakini hilo ni la udongo kuchukuliwa. Kuoza kwa mwamba hutokea mahali pale pale, kabla ya kuchukuliwa. Tukitumia neno moja kwa mambo mawili, tunapoteza hatua ile ile ambayo metali hukolea.

Hatua hizo mbili, milimani, zinashindana. Kwenye mteremko mkali mvua inakwangua udongo kabla haujazeeka, na mwamba mpya unajitokeza. Kwenye tambarare za juu udongo unakaa na kuzeeka, na kinachobaki kinakolea. Kilichokwanguliwa hushuka na kutua mabondeni, ndiko tunakolima na kuchimba visima. Miti nayo ina kazi yake: mizizi hunyonya metali chini, majani yakidondoka yanaziacha juu, na mboji inazishika. Wala si Kongo tu. Katika milima ya Jura, mpakani mwa Ufaransa na Uswisi, chokaa imeyeyuka kwa mvua na kuacha udongo wenye kadimiamu nyingi, juu ya malisho ya ng'ombe, bila kiwanda. Na kilichonaswa hakinaswi milele. Aseniki iliyoshikwa na kutu inaweza kuachiwa udongo ukilowa muda mrefu na kukosa hewa, kama ilivyotokea chini ya ardhi Bangladesh, ambako mamilioni ya watu walichimbiwa visima ili waepuke maradhi ya maji ya juu.

Dhahabu imepita njia hiyo hiyo. Mara nyingi hukaa katika mishipa ya mwamba pamoja na madini yenye salfa na aseniki. Mwamba ukioza, salfa huenda na maji, aseniki hushika kutu, na dhahabu, nzito na isiyopenda kuyeyuka, hubaki katika jiwe lililooza au hushuka mtoni. Ndiyo maana mtu mwenye koleo na karai anaweza kuipata. Mvua iliyotutengenezea riziki ndiyo iliyotutengenezea hatari, katika jiwe lile lile.

Hapa ndipo namleta mama. Katika machimbo ya Kivu Kusini kuna wanawake wanaoponda mawe kuwa unga kabla ya kuoshwa. Wanaitwa twangaise: mzizi wa Kibantu -twanga, mkia wa Kifaransa -aise. Ukitaka historia ya Kongo katika neno moja, ndilo hilo. Mama amefanya kazi hiyo kwa miaka, na karo yangu imetoka humo. Nilipomaliza kibarua nilimweleza yote, nikijivunia kukolea kwangu. Alisikiliza akichagua mchele. Kisha akasema: "Mwanangu, mvua inaoza jiwe miaka elfu. Mimi nalitwanga siku moja. Hiyo sumu iliyokuwa imelala, nani anaiamsha? Basi yule 'nani' wenu ni mimi?"

Nilikosa jibu usiku ule. Mama alikuwa amegusa udhaifu wa kitenzi changu. Kila mtoto wa Kiswahili anajua hila ya -ik-. Akiangusha sahani hasemi "nimeivunja". Anasema "imevunjika", kana kwamba sahani ilichoka yenyewe. Kutendeka ni kweli kwa mlima, lakini ni kinga nzuri mno kwa wakosaji. "Maji yamechafuka." "Mto umeharibika." Mwenye mtambo juu ya mto atafurahi kusikia kwamba metali hukolea zenyewe. Kama -w- ya karatasi ile ilimtafuta mtu asiyekuwapo, -ik- ya kesho inaweza kumfuta mtu aliyepo.

Mfano ulio wazi ni zebaki. Pale inapotumiwa kunasa dhahabu, zebaki haikutoka katika jiwe letu. Ilinunuliwa, ikasafirishwa, ikamiminwa. Hupashwa moto ili iondoke kwa mvuke na kuacha dhahabu, na mvuke huo unaingia mapafuni mwa aliye karibu, ukaharibu neva, figo, na mtoto aliye tumboni. Uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha zebaki ambayo binadamu huitoa hewani, na ndiyo maana Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ulioanza kutumika 2017, umeutaja waziwazi. Kwa zebaki, swali la mzee ni sahihi neno kwa neno. Imewekwa, na aliyeiweka ana jina, na aliyemuuzia ana jina.

Kati ya mlima na zebaki kuna unga wa mama. Nimeufikiria sana. Nadhani lugha yetu inatupa njia tukikataa kuchagua kiambishi kimoja kwa kila kitu. Metali ilikuwa humo: hiyo ni kuwa na. Imekolea: hapo hakuna mtu. Imeamshwa: hapo kuna mkono, ila mkono si lazima uwe mwenye faida. Mama anatwanga kwa malipo ya siku. Mwenye shimo, ambaye machimboni anaitwa PDG, ana fungu lake. Mnunuzi ana lake. Na pete inavaliwa mbali. Kiswahili kina neno hata kwa hilo. Metali inaamshwa na mama, lakini mama anatwangishwa. Kisababishi -ish- na -w- katika kitenzi kimoja, na safari hii pazia lina watu wengi nyuma yake.

Nilimwambia hivyo. Alisema kutwangishwa ni neno la kweli, ila halimpunguzii vumbi. Tukazungumza vumbi. Sasa analowesha mawe kabla ya kuyaponda, kwa sababu unga mbichi haurukiruki. Nguo za kazi zinafuliwa peke yake, mbali na za wajukuu, na kitambaa cha kuchekechea hakiingii tena nyumbani. Kinu cha sombe hakijawahi kugusa jiwe, na hapo alikasirika kidogo kwamba nimeuliza. Kuacha kazi hakuacha, na mimi ninayesoma kwa kazi hiyo sina uso wa kumwambia aache.

Kwa tasnifu yangu ya mwisho nakusanya msamiati wa udongo, mawe na maji kwa Ebembe na Kiswahili cha Fizi, kwa wachimbaji, wafinyanzi na wakulima, pamoja na kiambishi kila kitenzi kinachokuja nacho. Wataalamu wameniomba nipitie karatasi yao kabla ya kurudi na majibu ya maabara. Sentensi ya tatu tayari nimeibadilisha. Sentensi zitakazosema kilichoonekana katika kila kisima bado hazijaandikwa, na kwa kila moja itabidi mtu akae aamue kama ni imekolea, imewekwa, au imeamshwa. Wazee wetu hawatapokea karatasi isiyotofautisha hayo.